Samaki Aliyeandikwa kwa Jina la Papa

Wiki mbili baada ya kumzika Papa, baba yangu, nilikwenda La Rochelle, mtaa wetu wa Johannesburg, kumsaidia Mama kutoa vitu chumbani. Nguo tuliwapa watu wa kanisa, viatu vikaenda kwa jirani Mrundi ambaye mguu wake ulilingana na wa marehemu. Chini ya kitanda, mwisho kabisa ukutani, nikavuta mfuko wake wa uvuvi, wa turubai la kijani, ambao sikuwa nimeuona tangu utotoni. Nilipoufungua ikanijia harufu ya nyasi mbichi na matope ya mto, na nyuma yake kitu chembamba kinachokaribia tango lililokatwa sasa hivi. Sijui kama harufu ile ilikuwamo kweli baada ya miaka yote hiyo au pua yangu ndiyo iliyoitunga. Nilikaa sakafuni, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikalia kwa ajili ya jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Papa alikuwa mlinzi. Alisimama kwenye geti la nyumba za watu wenye uwezo, upande wa kaskazini wa Johannesburg, akaandika namba za magari na kupekua mifuko ya wafanyakazi wanaotoka jioni. Kazi ile aliipenda kwa namna ambayo sikuielewa. Alikuwa akisema mlinzi wa kweli hupekua mfuko wa rafiki yake kwanza, ili wengine wasione wameonewa. Lakini kabla ya geti, kabla ya vita na safari ndefu iliyowaleta huku yeye na Mama, alikuwa mtoto wa mvuvi wa Uvira, kule Kongo, amekulia kando ya ziwa Tanganyika, na ziwa halikumtoka.

Katika nyumba zile aliishi mzee mmoja, Bwana Hennie, daktari wa meno aliyestaafu na kufiwa na mke. Alikuwa na ufito mrefu mwembamba wa kuvulia samaki, na Jumamosi asubuhi aliufanyia mazoezi kwenye majani karibu na geti, akirusha mshipi hewani, mbele na nyuma, pasipo maji wala samaki. Papa alimtazama majuma kadhaa akijizuia. Siku moja alishindwa, akacheka, na yule mzee badala ya kukasirika akampa ufito ajaribu. Bwana Hennie alipenda kusimulia kwamba mkono wa Papa uliijua kazi siku ileile. Magoti ya mzee yalikuwa yamechakaa na mlima hapandi peke yake, basi akamwomba Papa amfuate siku zake za mapumziko, ambebee mzigo. Hazikupita safari tatu Papa naye akawa anavua.

Uvuvi ule hautumii chambo. Unatengeneza nzi wa uongo: ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, inavishwa uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Papa alijifunza kuwafunga mwenyewe, usiku wa zamu na hata nyumbani mezani. Manyoya aliyapata kwa mwanamke anayeuza kuku hai, na mwili wa nzi aliufunga kwa mabaki ya nywele za kusukia, maana Mama alikuwa msusi. Wasusi huziita nywele kwa namba. Papa alidai kwamba trauti, yule samaki wa milimani wanayemfuata, anapenda namba thelathini na tatu, ile ya hudhurungi.

"Kumbe hata samaki yenu inafuata mode," Mama alimwambia, yaani mitindo, na wakacheka wote wawili. Kilichonishangaza mimi ni mwisho wa kazi. Nzi akishakamilika, Papa alichukua koleo akakiponda kile kimeno cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke. Nilimwona kama mtu anayenunua kisu kisha anakitia butu. Nilipomwuliza, alisema ndiyo sheria ya kule wanakokwenda.

Mwaka ule, karibu na likizo ya shule, simu iliingia kutoka Uvira. Bibi, mama yake Mama, amefariki. Mama hakuweza kwenda kuzika. Karatasi yake ya hifadhi ilimruhusu kukaa hapa kwa sharti kwamba kwao hakukaliki. Akikanyaga kwao, karatasi imekufa, na asingeweza kurudi kwetu. Bibi akazikwa bila yeye. Wamama wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaleta masufuria, maana kwetu mfiwa hajipikii. Mama aliwashukuru mmoja mmoja, akayafunika masufuria, hakula. Wiki ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Alikunywa chai, akamega mkate kidogo ili tusimsumbue, akageukia ukuta. Pete ya ndoa ikawa inamvuka kidoleni, akaivua akaiweka ndani ya glasi.

Aliyekuwa naye karibu zaidi ni Mama Zawadi, mwenzake wa saluni. Siku moja Mama Zawadi alikaa ukingoni mwa kitanda akambembeleza.

"Sema basi, dada. Roho yako inataka nini?"

"Roho haitaki kitu," Mama alijibu. Kisha akaongeza, "Labda samaki. Si hii ya barafu banauzisha hapa. Samaki yenye imetoka mu maji leo, macho yake ingali inaangalia. Hiyo ningeonja."

Alisema kama mtu anavyotaja kitu kisichopatikana ili aachwe alale. Watu wazima wote mle chumbani walimwelewa hivyo, na Papa akatazama chini. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilielewa kwamba Mama ametaja dawa, na kwamba baba yangu anajua inakopatikana.

Kwa hiyo Mama Zawadi alipomwambia Papa, "Mtoe huyu mtoto mu nyumba ya kilio, apate hewa, mimi nitabaki na mama yake," nilishukuru moyoni. Papa alisitasita, akampigia Bwana Hennie, na mzee akasema kuna nafasi garini.

Tuliondoka alfajiri, tukapita robot, taa za barabarani, zikiwa bado zinawaka kwa ajili ya barabara tupu, mashamba ya mahindi yakaja na kwisha, na baada ya saa nne milima ya Drakensberg ikasimama mbele yetu. Gari tuliliacha kwenye geti dogo la mbao. Hapo palikuwa na mlinzi, Mzee Mkhize, mtu mnene mpole mwenye koti la mvua, aliyewaandika wageni katika daftari kubwa. Yeye na Papa walisalimiana kama wenye kazi moja. Kisha tukapanda.

Sikujua kwamba kutembea kunaweza kuchukua nusu ya siku na kusiwe na mahali unapokwenda isipokuwa juu. Nyasi zilinifika kiunoni na zilikuwa zimelowa umande, viatu vyangu vya shule vikajaa maji, baridi ikanipanda mpaka magotini. Nyani walibweka kwenye majabali. Papa alibeba mizigo miwili, wake na wa mzee, na kila tulipovuka kijito alirudi kunipokea mkono. Bwana Hennie alitembea na fimbo mbili, akisimama kila mara kunionyesha ua au kinyesi cha swala, nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyowajibu hata wazazi wangu siku zile. Mchana tukafika kwenye kibanda cha mawe, na chini yake palipita mto.

Maji yalikuwa maangavu mno hata nilidhani hayana kina, nikatia mkono, yakanifika begani. Papa alinivuta nyuma. "Usisimame hapo. Kivuli chako kinamwangukia." Alinionyesha mahali nilipoona mawe tu, na baadaye moja ya mawe yale likatikisa mkia. "Yeye anaangalia juu, kunakotoka chakula. Sisi tunakuja kwa nyuma, polepole, kama tunaingia kanisani tumechelewa."

Kisha nikamwona Papa akivua. Mshipi ulikwenda nyuma ukanyooka hewani, ukarudi mbele, ukaenda tena, na mara ya tatu akauachia, nzi akatua juu ya maji bila kuyaumiza. Nilikuwa nimemzoea Papa wa sare ya ulinzi, anayesema "ndiyo bosi" na kutembea kando ya ukuta. Huyu alisimama katikati ya mto na hakuna aliyemwambia asogee. Maji yakapasuka, ufito ukapinda, na baada ya muda akamleta samaki miguuni mwake: ubavu wa shaba wenye madoa mekundu. Nilipiga makofi. Papa akainama, akaichomoa ndoana bila shida, akamshika samaki ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akangoja. Samaki akapumua. Papa akafungua vidole, samaki akaondoka.

Nilidhani amemponyoka. Alipomwachia wa pili nilianza kulia. Kwetu, Papa mwenyewe alikuwa amenisimulia, babu yangu hakurudisha hata dagaa ziwani. Alisema ukikataa unachopewa, kesho hupewi. Na nyumbani kulikuwa na mtu anayekufa kwa kumkosa samaki huyohuyo.

Bwana Hennie alikuja akajaribu kunieleza kwa upole. Bonde lile ni la chama cha wavuvi, alisema, na sheria yao ni moja: kila samaki anarudi majini. Akaongeza kwamba trauti hata si samaki wa nchi hii. Zamani mayai yao yaliletwa kwa meli kutoka ng'ambo, yakamwagwa kwenye mito hii ya baridi.

"Basi na yeye ni mkimbizi," Papa alisema kwa Kiswahili, akinikonyeza. "Ila yeye alipata karatasi."

Sikucheka. Jioni, mzee alipoingia kibandani kupumzisha magoti, nilimwuliza Papa kwa nini anavua asichokula. Alikaa muda akiviringisha mshipi wake.

"Kule kwetu tulikuwa tunavua juu tukule," alisema. "Huku niko navua juu nipumue. Siku mbili mu mwezi, sina geti, sina karatasi, hakuna mtu ananiuliza natoka wapi. Ukiwa mkubwa utaelewa."

Leo naelewa, na kuelewa huko ndiko kunakoniuma. Wakati ule nilisikia tu kwamba hakumtaja Mama.

Asubuhi ya Jumapili Papa alimpata samaki mkubwa kuliko wote, chini ya jabali ambapo mto unazunguka. Alimleta kwenye maji haba pembeni, na kabla hajamaliza kumpumzisha tukasikia Bwana Hennie akiita kutoka juu. Ameteleza, ameanguka. Papa aliniangalia.

"Njoo. Mshike hivi, mkono mmoja mkiani, mmoja chini ya tumbo. Usimkamue. Usimsukume. Akiwa tayari ataenda yeye mwenyewe."

Akakimbia. Nikabaki na samaki mikononi. Alikuwa wa baridi na mwenye nguvu, na nilimhisi akifungua na kufunga matamvua, akijirudia. Mkia wake ukaanza kunitikisa kiganja. Alikuwa tayari. Papa alikuwa ameniaminia kitu hai, akanipa kisogo bila kugeuka nyuma, na sidhani kama kuna mtu ameniamini hivyo tena tangu siku ile. Nikamtoa majini. Nikachukua jiwe, nikampiga kichwani, mara mbili, kwa sababu ya kwanza haikutosha. Nikamfunga kwa nyasi mbichi, nikamtia ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate, nikamzungushia sweta yangu na kumshindilia katika begi langu la shule.

Bwana Hennie hakuwa ameumia sana. Walirudi wakitembea polepole, mkono wa mzee begani kwa Papa.

"Ameenda?" Papa aliniuliza.

"Ameenda," nikasema.

"Vizuri, binti yangu." Akanishika kichwa.

Kushuka kulichukua saa tatu. Niliomba njia nzima kwamba begi lisivuje. Getini Mzee Mkhize alitupungia mkono tupite tu, alikuwa anawajua. Ningepona. Lakini Papa hakuwa mtu wa kupita geti bila kupekuliwa. Aliweka mizigo juu ya meza ya mwenzake, kama alivyofanya kila safari, akaanza kuifungua mwenyewe.

"Angalia, mzee. Kazi ni kazi."

Alifungua wa kwanza, akafungua wa pili, na kwa kujivunia tu, ili pasibaki neno, akafungua begi langu. Niliuona mkono wake ukiingia na kusimama. Alitoa sweta, na mkia ulikuwa umetokeza.

Mzee Mkhize alivua kofia, akaitazama meza kama yeye ndiye aliyekosa. Bwana Hennie alinitazama mimi. Nilijua kwamba ameshajua, na nilipofungua mdomo Papa akanitangulia.

"Ni yangu," alisema kwa Kiingereza. "Mimi niliiweka humo. Mtoto hajui."

"Bahati," Bwana Hennie alimwita jina lake, kwa upole. "Kwa nini hukuniomba? Ningekununulia samaki."

Niliona uso wa Papa ukirudi kuwa ule wa getini, uso wa "ndiyo bosi," na ndipo nilipoelewa kwamba nimevunja kitu. Mzee Mkhize alifungua daftari. Alimwuliza Papa jina kamili, ingawa alilijua, na Papa akalitaja herufi kwa herufi. Anayetoa samaki katika bonde lile haingii tena. Hiyo nayo ilikuwa sheria, na Bwana Hennie alitia sahihi kama shahidi, kwani asingetia, na yeye angepoteza ruhusa yake. Nilikuwa na hakika kwamba jina likishaandikwa polisi watakuja, na sote watatu, mimi na Papa na Mama, tutapakiwa na kurudishwa Kongo kwa ajili ya samaki. Kwa woga huo nilinyamaza. Ilikuwa rahisi sana kusema, nami nilinyamaza.

Mzee Mkhize alimfunga samaki kwa gazeti, akaniwekea mikononi. "Amekwisha kufa," alisema. "Chakula hakitupwi."

Saa nne za kurudi nilimshika samaki mapajani. Bwana Hennie alitushusha kwenye robot ya mwisho kabla ya mtaa wetu, akampa Papa mkono kupitia dirishani. Waliendelea kusalimiana getini miaka mingi baadaye, lakini mlimani mzee alimpata mtu mwingine wa kumsindikiza. Tulipokuwa tunatembea kwenda nyumbani nilimwuliza Papa kwa nini hakusema ukweli. Mtoto wangemsamehe, hata mimi niliweza kuona hivyo, gari lilipokwisha kuondoka.

"Jina langu limeandikwa mu vitabu mingi," alisema. "Mpakani, kambini, kwa polisi, kwa foleni ya karatasi. Moja zaidi haina kitu. Lako halijaandikwa fasi yoyote, na mimi siwezi kuwa mtu wa kwanza kulitaja."

Mama alikuwa amelala, ameukabili ukuta. Mama Zawadi alikuwa anafunga kitambaa chake aende zake. Papa aliliweka gazeti sakafuni mbele ya kitanda, akalifungua. Harufu ndiyo iliyomgeuza Mama. Alimtazama samaki muda mrefu, akanyoosha kidole akambonyeza ubavu, kisha akainua shavu lake achungulie ndani. Matamvua yalikuwa bado mekundu.

"Ni ya leo," alisema.

"Ya leo."

"Nani alivua?"

Nilimtazama Papa. Getini, mbele ya watu wawili na daftari, samaki yule alikuwa wake.

"Binti yako," alisema. "Alimshika na mikono yake."

Mfiwa hajipikii, kwa hiyo Papa ndiye aliyepika, na sijawahi kumwona akipika kabla wala baada. Mimi nilikata vitunguu na nyanya, Mama akatuelekeza kutoka kitandani, kwanza kwa vidole, halafu kwa sauti, halafu kwa hasira kwa sababu Papa anaunguza mawese. Alipopewa sahani alianza na kichwa. Akasema kichwa kilikuwa cha Bibi, kwamba Bibi hakukubali mtu mwingine akiguse, na hapo akaanza kulia, na akaendelea kula huku analia, akitusimulia habari za mama yake ambazo hatukuwahi kuzisikia. Papa hakugusa samaki. Alisema ameshiba.

"Jumamosi ingine muende tena," Mama alisema, akijifuta mikono. "Muniletee kubwa kuliko hii."

"Kula, mama," Papa alimjibu. "Ya Jumamosi tutaiona Jumamosi."

Hakurudi kule maisha yake yote. Kila Mama alipomwuliza mbona haendi tena mlimani, alisema mgongo unamuuma. Aliposema hivyo mara ya kwanza alikuwa na miaka thelathini na sita tu, nami nilikuwa nimekaa palepale mezani, nikamwacha aseme.